Tusiwasingizie wageni: ukatili wa Moshi na hesabu ya watu wake

Kila yakitokea mauaji Moshi au jirani yake, maelezo huwa tayari kabla mwili haujafika Hospitali ya Mawenzi: mji umejaa. Watu wameongezeka, wengine hawajulikani walikotoka, vijana wamejazana vijiweni, na zamani hatukuwa hivi. Utayasikia maneno hayo kwa madereva wa bodaboda pale Kiboroloni, utayasikia ndani ya daladala la Pasua, na siku mbili baadaye utayasikia tena kwenye kikao cha viongozi, safari hii yamevaa suti na yanaitwa "ongezeko la watu na changamoto za usalama".

Maelezo haya yanapendwa kwa sababu ni mepesi. Hayamgusi aliyepo kikaoni na lawama yote yanamtwika asiyekuwapo. Ukiyapima kwa sensa na kwa yale tunayoyajua kuhusu ukatili wenyewe, hayasimami. Moshi haijafurikwa na watu. Sehemu kubwa ya ukatili wake huzaliwa ndani ya nyumba, kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na penye meza ya pombe, kati ya watu wanaoitana kwa majina. Na kwa kuwa macho yetu yako barabarani yakimtafuta mgeni, hatujajenga njia ya kuuhesabu ukatili wa wenyeji, sembuse kuuzuia.

Mji unakua kwa mwendo wa pole

Tuanze na watu. Sensa ya 1967 iliukuta mji wa Moshi una watu wapatao 27,000. Mwaka 1978 walikuwa 52,000 hivi, na 1988, mwaka ambao mji ulipata hadhi ya manispaa, walikaribia 97,000. Sensa ya 2002 ilihesabu takribani 144,000, ya 2012 ikahesabu 184,292, na ya Agosti 2022 ikafikia 221,733. Ukisoma idadi peke yake utasema mji umelipuka, maana ndani ya miaka 55 watu wamekuwa mara nane ya walivyokuwa.

Sasa isome kasi. Kati ya 1967 na 1988 mji ulikua kwa karibu asilimia 6 kila mwaka. Kati ya 1988 na 2002 kasi ikashuka chini ya asilimia 3, muongo uliofuata ikawa kama asilimia 2.5, na kati ya 2012 na 2022 haikufika asilimia 2. Mipaka ya maeneo ya sensa hubadilika, hivyo desimali zisichukuliwe kama msahafu, lakini mwelekeo hauna utata: kila sensa inapopita, Moshi inakua polepole zaidi kuliko ilivyokuwa.

Walinganishe majirani. Katika muongo huo wa mwisho Jiji la Arusha lilitoka watu 416,442 hadi 617,631, nyongeza ya karibu nusu nzima. Dodoma, serikali ilipohamia huko, ilitoka 410,956 hadi 765,179. Moshi iliongeza watu 37,441, yaani asilimia 20, wakati nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 37. Mkoa wa Kilimanjaro wote uliongezeka kwa asilimia 13.5 tu, kutoka 1,640,087 hadi 1,861,934. Rombo ndiyo ya kushangaza zaidi: watu 260,963 mwaka 2012, watu 275,314 mwaka 2022. Wilaya inayoongeza watu 14,000 kwa miaka kumi, huku watoto wakizaliwa kila siku, ni wilaya ambayo watu wake wanaondoka.

Na ndivyo ilivyokuwa siku nyingi. Mwaka 1967 mkoa huu ulikuwa na zaidi ya asilimia 5 ya Watanzania wote. Leo una asilimia 3. Wachagga na Wapare wameijaza Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Dodoma. Kama kuna mahali wenyeji wana haki ya kulalamika kuhusu wageni, pengine ni huko walikokwenda watu wetu.

Kwa hiyo ukisema ongezeko la watu ndilo linaloleta ukatili, utalazimika kukubali kwamba miaka ya 1970, mji ulipokuwa unakimbia kwa asilimia 6, ndiyo iliyokuwa ya hatari kuliko yote. Wazee wa Bondeni na Kaloleni ambao ndio hao wanaosema "zamani hatukuwa hivi" hawatakubali. Hata duniani, uhusiano huo haupo kwa namna tunayoudhania. Jiji la New York lilikuwa na mauaji 2,245 mwaka 1990, likiwa na watu milioni 7.3. Mwaka 2017 watu walikuwa wamezidi milioni 8, na mauaji yalikuwa chini ya 300. Watu waliongezeka, vifo vikapungua mara saba.

Anayelala, anayeshinda, anayerudi

Hii haina maana kwamba mabadiliko ya watu hayahusiki kabisa. Yanahusika, ila tunaangalia upande usio wenyewe. Tunauliza wako wangapi, tungeuliza ni akina nani, wanalala wapi, na mji unakuwa na nani saa ngapi na mwezi gani.

Manispaa ya Moshi ni ndogo, takribani kilomita za mraba 59, na kila kilomita ina watu karibu 3,800. Juu yake kuna vihamba vya Uru, Kibosho na Old Moshi, vilivyojaa tangu enzi za mababu. Mji ukitaka kupumua unashuka kusini, kuelekea Mabogini na tambarare za mpunga na miwa. Ndiyo maana Wilaya ya Moshi, ile inayoizunguka manispaa, iliongeza watu 69,066 katika muongo huo, karibu mara mbili ya walioongezeka mjini kwenyewe. Mji halisi umeshavuka mipaka yake ya kwenye ramani.

Hapa ndipo kosa la kwanza la hesabu linapoingia. Mtu analala Mabogini, anauza nguo soko la Memorial, anaporwa simu karibu na stendi jioni anapotafuta gari la kurudi. Tukio limeandikwa mjini, lakini kwenye sensa mtu huyo ni wa halmashauri ya wilaya. Uhalifu huhesabiwa ulipotokea, binadamu huhesabiwa alipolala. Ukigawanya matukio ya mchana ya watu wote kwa idadi ya waliolala manispaa, lazima mji uonekane mkorofi kuliko ulivyo. Ongeza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika, wa Mwenge na wa KCMC waliopanga vyumba Rau na Longuo, ongeza wagonjwa na ndugu zao wanaofuata hospitali kutoka Kanda nzima ya Kaskazini, ongeza wapagazi wanaosubiri safari ya mlimani, ndipo utaona kwamba Moshi ya saa sita mchana ni kubwa sana kuliko Moshi ya sensa.

Kosa la pili ni la kalenda. Sensa zetu mbili za mwisho zilifanyika Agosti. Kila mtu aliyewahi kukata tiketi ya basi Dar es Salaam wiki ya Krismasi anajua kwamba Kilimanjaro ya Agosti na Kilimanjaro ya Desemba ni mikoa miwili. Watu wanapanda nyumbani na familia zao, magari yanajaa hadi Marangu Mtoni, mbuzi wanachinjwa, na kwa majuma mawili mkoa unabeba watu ambao hakuna takwimu inayowatambua. Ugomvi ukitokea Desemba 27 huko Kirua au Mwika, unaingia kwenye vitabu vya Polisi wa Kilimanjaro. Waliogombana huenda wote wawili walihesabiwa Kimara, Dar es Salaam.

Halafu kuna sura ya wanaobaki. Mkoa huu ni miongoni mwa mikoa yenye uzazi mdogo na wazee wengi nchini. Wanawake wamewazidi wanaume kwa zaidi ya 46,000. Huko juu mlimani utakuta nyumba nyingi zina bibi mmoja, mjukuu mmoja na kijana mmoja aliyebaki akisubiri. Anachosubiri tutakuja kukisema.

Hofu iliyotoka barabarani

Ni haki kuuliza kwa nini basi tunamwogopa mgeni kiasi hiki. Jibu ni kwamba matukio makubwa yaliyobaki vichwani mwetu kweli yalikuja na gari.

Mei 2004 majambazi walivamia tawi la Benki ya NBC mjini Moshi mchana kweupe, wakaondoka na zaidi ya shilingi bilioni 5. Miaka tisa baadaye, Agosti 7, 2013, mfanyabiashara wa tanzanite Erasto Msuya aliuawa kwa risasi eneo la Mijohoroni, wilayani Hai, jirani na barabara kuu ya Arusha na Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Kesi yake iliendeshwa Moshi, na Julai 2018 Mahakama Kuu iliwahukumu watu watano kunyongwa. Mji mzima uliifuata kesi ile kama tamthilia ya televisheni, na hadi leo ukitaja mauaji Kilimanjaro, watu wanaanza nayo.

Lakini tuyasome matukio haya kitaalamu. Lile la Hai halikutokea Moshi mjini wala halikutokana na idadi ya watu wa mahali popote. Lilihusu fedha ya madini ya Mirerani, na lilipangwa na watu waliojua wanamtafuta nani. Lile la benki lilifuata noti zilipokuwa zimelala. Miaka ile biashara ya mji, kahawa, mishahara na mauzo ya maduka ya jumla yote yalikwenda kwa fedha taslimu, na barabara ya Himo hadi Holili na Taveta iko palepale kwa anayetaka kutoka haraka. Ujambazi wa benki ulikuwa janga la nchi nzima katika miaka hiyo, na adhabu ya unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungo kisichopungua miaka 30, inajulikana hata na watoto wa shule.

Kisha fedha ikahama. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, mitandao mingine ikafuata, na noti zilizokuwa zikilala kwenye droo zikageuka kuwa salio. Mwindaji akafuata windo. Leo anayelengwa ni wakala wa fedha anayefunga kibanda saa tatu usiku, mwenye simu ya bei mbaya, na dereva wa bodaboda anayekodiwa usiku kwenda mahali pasipo taa. Watu wa Moshi hawakubadilika idadi kwa kiwango cha kueleza mabadiliko hayo. Kilichobadilika ni mahali thamani ilipo na nani anaibeba.

Kwa hiyo barabara ina hatari zake, na Polisi wana kazi yao pale. Ila ujambazi wa aina hiyo ni wa nadra, na ndiyo maana tunaweza kuutaja kwa tarehe. Ukatili wa kila wiki hauna tarehe inayokumbukwa.

Mlangoni kwa mtu

Mwaka 2002 na 2003 watafiti walizunguka kaya za Moshi mjini wakazungumza na wanawake 1,444 wa umri wa miaka 20 hadi 44. Mmoja katika kila watano alikuwa amefanyiwa ukatili na mume au mwenzi wake ndani ya mwaka uliotangulia. Hatari ilikuwa kubwa zaidi pale mwanamume alipokuwa na wanawake wengine, na pale alipokuwa hachangii vya kutosha matumizi ya mama na watoto. Hakuna mgeni katika hesabu hiyo, wala hakuna basi la jioni. Ni mwanamke na mtu aliyemfungulia mlango.

Tafiti za kitaifa zimeonyesha nafuu tangu wakati huo. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa 2015/16 uliona asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliwahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15. Ule wa 2022 ukaona asilimia 27. Ni mteremko wa kutia moyo, japo mwanamke mmoja kati ya wanne bado ni umati. Na ukatili ukifika mwisho wake wa kutisha, picha ni ileile: Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 asilimia 60 ya wanawake wote waliouawa duniani waliuawa na wenzi wao au ndugu zao.

Pembeni ya nyumba kuna kilabu. Mbege, pombe ya ndizi, ina heshima yake mlimani. Bila mbege hakuna posa, hakuna matanga, hakuna mzee aliyepatanishwa na jirani. Lakini pombe ya heshima na pombe ya kila siku ni vitu viwili, na serikali ilipopiga marufuku viroba vya pombe kali Machi 2017 ilikuwa imeona kilichokuwa kinawapata vijana. Wale wanaopokea matokeo ya unywaji ni idara ya dharura ya hospitali ya rufaa ya KCMC. Watafiti wa pale, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, wamewapima majeruhi kwa miaka kadhaa na kukuta kundi lisilo dogo limefika likiwa na kilevi mwilini. Walichofanya ni cha kupigiwa mfano: waliunda mazungumzo mafupi ya ushauri, muuguzi na majeruhi kitandani, wakayaita Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Nimewahi kusikia mipango mingi ya usalama wa raia mkoani, na ni michache iliyoanza na mtu aliyekwisha umia na bado anasikiliza.

Kijana anayesubiri

Turudi kwa kijana aliyebaki nyumbani. Kwa mila ya Kichagga mtoto wa kiume wa kwanza alipewa kihamba, wa mwisho akarithi nyumba ya wazazi, na wa katikati wakaenda kutafuta. Mila hiyo ilifaa ardhi ilipokuwepo ya kukata. Leo kihamba kimegawanywa baba kwa mwana hadi kimekuwa kiwanja, na wa katikati waliokwenda Dar wanarudi na fedha ya kujenga. Mabinti nao, wakiwa na Katiba na sheria mkononi, wanadai cha kwao, na haki wanayo. Kijana anayesubiri anaona kila Desemba sehemu yake inazidi kuwa ndogo.

Ugomvi wa namna hii haulipuki ghafla. Una hatua, na kila mwanakijiji anazijua. Kwanza mstari wa masale unaotenganisha vihamba unasogea hatua moja, usiku. Kisha mgomba unakatwa mkungu ukiwa mchanga. Kisha watu wanaacha kusalimiana kanisani. Kisha barua ya wito inatoka baraza la kata. Siku ya tano au ya hamsini watu wawili wanakutana shambani asubuhi, na kila mmoja ana panga mkononi kwa sababu alikuwa anakwenda kukata majani ya ng'ombe. Hakuna aliyenunua silaha, wala hakuna mgeni aliyeileta.

Kinachonisumbua ni kwamba hatua hizo nyingi zina karatasi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, baraza la kata limebaki na kazi ya kusuluhisha migogoro ya ardhi; likishindwa, wadaawa wanakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Maana yake ni kwamba kila kata ina jalada la usuluhishi ulioshindikana, lenye majina, mahali na tarehe. Hiyo ni orodha ya hatari iliyokamilika kuliko doria yoyote. Mkaguzi wa Polisi wa kata anapaswa kuisoma kila mwezi, akapita kwa watu hao na mzee wa ukoo, mchana, bila pingu.

Namba ndogo hudanganya

Sasa nije kwenye hesabu yenyewe, kwa sababu ndipo waandishi wa habari na viongozi wanapojikwaa zaidi.

Katika mji wa watu 221,733, tukio moja la mauaji ni sawa na kiwango cha 0.45 kwa kila watu 100,000. Tuchukue mfano wa kufikirika. Mwaka jana mji ulikuwa na mauaji 4, mwaka huu yamekuwa 7. Kichwa cha habari kitasema mauaji yamepanda kwa asilimia 75, kamanda ataulizwa maswali, na mtu atapendekeza msako wa vijana wasio na kazi Majengo. Lakini mji ambao wastani wake wa miaka mingi ni mauaji 5 unaweza kupata 2 mwaka mmoja na 9 mwaka mwingine kwa bahati nasibu tupu, bila chochote kubadilika mitaani. Katika mji mdogo asilimia ya mwaka kwa mwaka haielezi mwenendo. Inaeleza kelele.

Kuna mtego mwingine. Takwimu za jinai hutolewa kwa mkoa wa kipolisi, na Kilimanjaro inaanzia Same hadi Siha. Tukio la Mijohoroni na tukio la Tarakea yote ni "Kilimanjaro", na masikioni mwa msikilizaji wa Dar, Kilimanjaro ni Moshi. Mji unabebeshwa hesabu ya mkoa mzima.

Na upo mtego wa tatu, ambao ni kinyume cha hiyo miwili. Dawati la Jinsia na Watoto likifunguliwa, likapewa askari wanaosikiliza, taarifa za ukatili zitaongezeka mwaka huohuo. Hiyo ni habari njema inayoonekana mbaya kwenye jedwali. Kituo kisichopokea taarifa hata moja ya mwanamke aliyepigwa hakijamaliza ukatili. Kimewachosha wanawake wakaacha kuja.

Angalia safari ya jeraha moja. Mwanamke anafika hospitali usiku, jicho limevimba na mkono hauinuki. Anapokelewa, lakini mapema sana atasikia swali: "Mama, PF3 unayo?" Hiyo ni fomu ya Polisi inayotakiwa kwa aliyeumizwa. Kuipata lazima afike kituoni, aeleze, aandikiwe namba ya taarifa (RB), ataje aliyempiga. Akimtaja, ataamkia wapi kesho? Hana nauli ya kwenda na kurudi, watoto wako peke yao, na mwenye kosa ndiye mwenye funguo. Basi anasema, "Nimeanguka, dada." Kwenye kitabu cha hospitali ameandikwa kuanguka. Kwenye kitabu cha Polisi hayupo. Katika hotuba ya usalama ya mwaka ule, hakuwahi kupigwa.

Tuhesabu mahali na saa

Suluhisho limekwisha jaribiwa kwingine. Katika mji wa Cardiff, Wales, mpasuaji Jonathan Shepherd aligundua kwamba wengi wa majeruhi wa ugomvi aliokuwa akiwatibu hawakuwa wakijulikana na polisi. Hospitali ikaanza kumuuliza kila majeruhi mambo machache: uliumizwa wapi, saa ngapi, kwa kitu gani. Bila jina, majibu yalipelekwa kwa polisi na halmashauri, na wao wakabadilisha doria, taa na masharti ya baa. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2011 iliona kwamba waliolazwa kwa kupigwa walipungua sana kuliko katika miji ya kulinganishwa nao. Utaratibu huo umesambaa nchi kadhaa.

Moshi ina kila kinachohitajika. Ina Mawenzi, ina KCMC yenye watafiti waliozoea kazi ya majeruhi, ina Hospitali ya Mtakatifu Yosefu pale Soweto. Kinachotakiwa ni ukurasa mmoja wenye maswali manne, unaojazwa na muuguzi wa mapokezi kwa kila majeruhi wa ugomvi, mwenye PF3 na asiye nayo, bila jina. Mwisho wa mwezi hospitali tatu zinatoa jumla kwa kata, saa na aina ya silaha. Miezi sita ikipita, mji utajua kama tatizo lake ni stendi saa tatu usiku, kilabu fulani siku ya mshahara, au vyumba vya ndani siku ya Jumapili. Hapo doria itakwenda penye jeraha, na leseni ya pombe itajadiliwa kwa ushahidi.

Manispaa nayo iache kutoa asilimia za mwaka mmoja. Itoe idadi kamili, wastani wa miaka mitano, na itenganishe mji na wilaya. Iwahesabu pia wanaoshinda mjini. Kama madiwani wanataka kwa dhati hadhi ya jiji ambayo Moshi imekuwa ikiiota kwa miaka, watahitaji kuijua Mabogini yao kabla hawajaiomba. Na Desemba, mwezi ambao ukoo wote uko nyumbani na kila dai la kihamba limefufuka, iwe na mpango wake: wasuluhishi wa kata wabaki kazini, na Dawati la Jinsia lisifunge likizo.

Yatakuwapo maswali. Polisi watasema hospitali inawaingilia, hospitali itasema haina muda, mwanasiasa atahofia takwimu zitapanda mwaka wake wa uchaguzi. Zitapanda, na anayeogopa zipande amekubali ziendelee kufichwa. Askari wa nchi nzima wanapitia chuo cha Polisi hapa Moshi kabla ya kupangiwa vituo. Wangekuwa na cha kujifunza kikubwa zaidi ya gwaride kama mji wanamofundishwa ungekuwa wa kwanza nchini kujua, kwa kata na kwa saa, watu wake wanaumizwa wapi. Hadi hapo kila kiongozi anayesimama kuwalaumu wageni aulizwe swali moja: katika majeruhi wa ugomvi waliofika Mawenzi mwezi uliopita, wangapi waliumizwa na mtu wasiyemfahamu? Asipokuwa na jibu, hana sera. Ana uvumi tu, kama wa kijiweni.